Siku Tuliyosimamisha Jiwe kwa Kamba

Siku ya kwanza kazini nilipewa mtaimbo, kile chuma kirefu kizito cha kuchokolea mawe, nikaambiwa nisogeze jiwe kubwa kama gari dogo. Nilidhani Msimamizi wa Karakana ananitania. Nilikuwa nimetoka kutunza wagonjwa majumbani, mgongo umechakaa, na tangazo la kazi ile ya Hyattsville, huku Maryland, Marekani, lilisema tu kwamba wanahitaji msaidizi.

"Weka kipande cha mbao chini ya chuma, karibu na jiwe," alisema. "Halafu egemea."

Nikaegemea, na jiwe likainuka! Nilishtuka hadi nusura niuachie mtaimbo. "Basi sasa unajua walivyojenga watu wa kale," akasema, akaenda kunywa kahawa yake.

Mbao ile huitwa egemeo. Unainua upande mmoja kiasi cha kidole, unasukumia mbao chini, unahamia upande wa pili, unafanya vilevile. Kwa namna hiyo hata jiwe kubwa linapanda, mradi usiwe na pupa.

Kampuni yetu ilisimika mawe ya makaburini na ya bustani. Baadaye nilihamishiwa tawi la mji wa Laurel, chini ya Mkuu wa Usimikaji, Mmarekani mrefu mwenye hasira za karibu, ambaye kila likizo alikwenda kutazama mawe ya kale. Siku moja aliniuliza kama nimeziona nguzo za mawe kando ya Ziwa Turkana, zilizosimikwa na wafugaji maelfu ya miaka iliyopita mahali walipozika wenzao.

"Unatoka Kenya na hujaziona?" alisema. "Na inaelekea hawakuwa na mfalme wa kuwachapa. Walikubaliana tu!"

Nilitahayari. Mimi, mzaliwa wa Kenya, nasimuliwa ya kwetu na mtu wa Maryland! Na hilo la kukubaliana sikulielewa mpaka tulipopata kazi mji wa Riverdale Park.

Kule tuliombwa kusimamisha jiwe bustanini mbele ya watu, bila injini, kama walivyofanya wa kale. Tulichimba shimo lenye ukuta mmoja wa mteremko. Tuliliburuta jiwe juu ya magogo hadi kitako chake kikateleza shimoni, likabaki limelala kwenye ule mteremko. Kisha tulifunga kamba mbili kichwani mwake, tukazipitisha juu ya miti mirefu iliyofungwa pamoja, ili zivute kwenda juu. Kila jiwe lilipoinuka kidogo, mtu mmoja aliyekuwa chini alijaza vipande vya mawe kwenye nafasi iliyobaki mgongoni mwake. Mtu huyo alikuwa Papa Ilunga wa Lubumbashi, Kongo, rafiki yangu tangu Hyattsville, mwanamume mnene wa kucheka hovyo, aliyekuwa akila chakula changu kabla ya chake.

Mkuu wa Usimikaji aliwaweka Wakenya kamba ya kushoto na Watanzania kamba ya kulia, ili kila kundi lielewane vizuri. Hatukuona ubaya wowote.

Sisi tuliitana "Harambee!" na kuvuta kwenye "hee!" Wenzetu walihesabu moja, mbili, na kuvuta kwenye tatu. Mwanzoni ilikwenda, sijui kwa bahati gani. Halafu kushoto tukavuta wakati kulia wakipumua. Jiwe likajipinda, miti ikalia, kamba yetu ikatuponyoka mikononi, na jiwe likarudi chini Papa Ilunga akiwa bado chini ya mgongo wake.

Sijawahi kushtuka vile. Watazamaji waliendelea kupiga picha kwa simu, wakidhani ni sehemu ya maonyesho!

"Mama!" sauti ikatoka chini. "Iko na nibana!"

Vile vipande vya mawe alivyovijaza mwenyewe ndivyo vilivyolizuia jiwe lisimmalize. Nilirukia shimoni na mtaimbo, nikatafuta egemeo. Kidole kimoja, mbao. Kidole kingine, mbao. Kamau, Mkenya mwenzangu wa kamba ya kushoto, alimshika kwapani akamvuta. Alitoka mzima, goti limechunika, uso umejaa udongo.

Ndipo ugomvi ukaanza.

"Sisi tuli-pull on time!" Kamau akafoka.

"On time ya nani?" Athumani wa Tanga akajibu. "Sisi hatujafika hata tatu, kaka!"

Mkuu wa Usimikaji, mweupe kama chokaa, alisema imetosha, anaita kreni. Papa Ilunga akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Non, patron," alimkatalia bosi wetu. Kisha akatugeukia. "Mutasikia sauti yangu moja tu. Harambee mutaimba kwenu."

Safari hii aliyeshuka shimoni ni Mkuu wa Usimikaji mwenyewe. Papa Ilunga alivuta "Oooh" ndefu, wito wa wavuta mizigo wa kwao, sote tukingoja, na alipokata "hiis!" tukavuta. Jiwe lilipanda kama mgonjwa anayeinuliwa na wauguzi wanaojuana. Liliposimama wima nililia bila aibu.

Sasa nimestaafu, na kila nikitembelea jiwe lile namkuta mtu akisema mawe ya kale yaliinuliwa na majitu, au na viumbe kutoka angani. Naudhika sana. Wataalamu wanaweza kuchimba wakaona shimo, mteremko na nyundo za mawe. Sauti iliyowaongoza wale watu hawataiona kamwe, na bila sauti hiyo wangeuana wote.

Papa Ilunga tulimzika mwaka jana, huku huku Maryland. Siku ya kuweka jiwe lake, kreni ililishusha hata sijavaa glavu. Nilishtuka kwamba yamekwisha. Nililiwekea jiwe kiganja, na kabla sijafikiri, nikavuta ile "Oooh" yake, nikaishikilia hadi pumzi ikaniishia.

"Hiis!" wakaitikia Kamau na Athumani nyuma yangu, kwa pamoja.