Firigisi ya Baba Mkwe

Nilipoolewa Mbozi, enzi ya Mwingereza, nilikuta vitabu viwili vya mapishi katika ghala la kahawa la baba mkwe wangu. Alikuwa amepewa na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifunga nyumba ili arudi kwao, pamoja na viti na taa mbovu. Viti vilikaliwa, taa ikatengenezwa, vitabu vikatupwa juu ya magunia. Kimoja kilikuwa cha Kiingereza, sikukihangaikia. Cha pili kilikuwa cha Kiswahili, cha kufundishia wasichana shuleni, na baba mkwe alikuwa akichana kurasa zake kufungia ugoro. Sura nzima ya keki ilikuwa imekwenda hivyo. Nikakiokoa kilichobaki kabla hakijanuswa chote.

Mimi nilijua kusoma, na kupika nilijua pia, sioni sababu ya kujifanya sikujua. Kitu kimoja tu nilikitaka: jiko langu mwenyewe. Mume wangu alikuwa migodini, ng'ambo ya Tunduma, na kwetu mkamwana hupika katika jiko la mama mkwe mpaka baba wa nyumba aseme ajengewe lake. Kumwomba sikuweza. Mkamwana hasemi na baba mkwe wala hamtazami usoni; akija njiani, unaingia kwenye kahawa mpaka apite. Kila neno lilipitia kwa mama mkwe, naye hakuwa na haraka ya kulifikisha. Nilichukia kungoja kuliko nilivyochukia moshi wa jiko lile.

Basi nikaanza kupika kwa kitabu. Kilitaka tanuri, nikatumia chungu na kifuniko cha bati nilichopalia makaa juu. Kilitaka hamira, nikatia togwa iliyochachuka. Mkate wa kwanza ulitoka mgumu, kuku wakaudonoa na kuuacha. Wa pili ulikuwa mkate, tena mzuri. Mama mkwe aliugeuzageuza, akabonyeza kwa kidole, akasema, "Kizungu kitupu," kisha akaumaliza. Wiki ile ile nikampikia maboga kwa maziwa na mayai kutoka ukurasa uliopona nusu, nusu ya pili nikaibuni. Hapo akalainika.

"Jumapili baba yenu ana mgeni, mzee wa kanisa kutoka Nanyala," akaniambia. "Pika wewe. Wakishashiba nitalisema lile jambo la jiko."

Jumapili wakaenda kanisani, nikabaki na jogoo na kitabu. Nilichagua kuku wa kujaza. Nikamjaza vitunguu na mkate wangu uliofikichwa, nikamshona kwa uzi, nikampalia makaa. Kisha kitabu kikasema: firigisi, ini na moyo vikatwe vidogo sana, vichemshwe, vitiwe katika mchuzi. Nikakata vidogo sana. Mkono ulifuata jicho, na jicho lilikuwa kitabuni. Laiti mama mkwe angekuwapo, angenipiga kwa mwiko.

Maana huko kwetu, na nadhani kwenu pia, firigisi ni ya baba. Huwekwa nzima juu ya nyama, aione kabla hajanawa. Akimpenda mgeni humkabidhi yeye, na mgeni huyo ataisimulia njia nzima. Isipoonekana, maana yake ni moja tu: mwanamke wa jikoni ameila.

Mama mkwe alirudi, akalewa harufu ile, akapakua akitabasamu bila kuchungua, akapeleka. Mimi nilikaa jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, ambako kila neno husikika. Nilisikia wakisali, nikasikia mgeni akisifu mchuzi. Halafu baba mkwe akauliza, polepole, "Mama, firigisi iko wapi?"

Nikasikia mama mkwe akiinua nyama na kuirudisha.

"Nimeuliza. Nilitaka kumpa mgeni wangu. Nani kaila?"

Mama mkwe aliingia jikoni, akaanza kufunua vyungu. Jiko lilikuwa lake, aibu ilikuwa yake. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anatuhumiwa ulafi mbele ya mzee wa kanisa! Niliona uchungu, na hasira juu ya uchungu. Jiko langu nililiona linakwenda na moshi, lakini kusema kweli wakati ule nilimwonea huruma yeye zaidi.

"Imo," nikamnong'oneza. "Imo kwenye mchuzi."

"Nani ataniamini?" akasema.

Kusema na baba mkwe sikuruhusiwa. Lakini hakuna aliyewahi kunikataza kusoma. Nikachukua kitabu, nikausogelea ukuta wa matete kama anayeusomea huo, si yeye, nikasoma kwa sauti ya kanisani: "Firigisi, ini na moyo vikatwe vidogo sana, vichemshwe, vitiwe katika mchuzi." Nikarudia, ili pasiwe na shaka.

Nilisikia kijiko kikikoroga bakuli. Kikakoroga tena. Kisha mgeni akaanza kucheka, cheko la tumboni. "Kumbe firigisi yako nimeila tangu tuanze," akasema, "wala hukunikaribisha!"

Baba mkwe alijizuia kidogo, halafu naye akashindwa. Walicheka mpaka wakapaliwa. "Mama," akaita, "mwambie huyo mwanao atajengewa jiko lake, na kitabu chake kikae huko huko. Katika jiko lako firigisi ibaki nzima."

Nilijifunika uso kwa kanga nikacheka bila sauti. Nilikuwa nimelipata, tena bila kuombewa.

Vyombo viliporudi, tukakaa sisi wawili kula kilichobaki, ugali na mchuzi wa chini ya chungu. Mama mkwe alifuta chungu kwa tonge, akalitazama, akasita. Kipande kidogo cheusi kilikuwa kimeng'ang'ania pale.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

Tangu aolewe alikuwa amepasua firigisi, amezimenya ngozi ya ndani, amezipika na kuzipeleka, hata moja haijagusa ulimi wake. Alitazama mlangoni, akalitia tonge mdomoni, akatafuna taratibu, macho yakiwa kwenye moto.

"Ni nyama tu," akasema. "Kumbe ni nyama tu."

Akakivuta chungu kwake, akakikwangua mpaka kikawa kikavu, kisha akanionyesha kitabu kwa kidevu.

"Hilo jiko lako likiisha kujengwa," akasema, "siku ya kuku uniite. Nitakuja kula huko."