Alama ya Chini ya Kibati

Kompyuta yangu ya kwanza ilimgharimu baba maksai wawili. Ndio waliokuwa wakivuta plau shambani kwetu Maretadu, na mimi, niliyerudi kutoka chuo kikuu na shahada moja na koti moja, nilimshawishi awabadilishe na kitu cha plastiki kilichoenea mapajani.

Biashara ilikuwa imefunguliwa miaka hiyo, na vitu vilivyochokwa ng'ambo vilikuwa vikipanda mlima mpaka kwetu: makoti, baiskeli, redio. Mfanyabiashara mmoja wa Mbulu mjini aliileta kompyuta hiyo kutoka Arusha pamoja na marobota ya nguo. Haikuwa na skrini. Ilikuwa kama ubao wa taipureta. Unaiunganisha na televisheni, unaipa moto wa betri ya gari kupitia kiboksi kidogo cha nyaya, na inahifadhi maneno kwenye kaseti. Juu yake palibandikwa kibati king'aavu chenye jina la kiwanda. Nilikusudia kupanga chumba mjini na kufundisha watu.

"Inakula nini?" baba aliuliza.

"Umeme."

"Basi itakufa njaa." Lakini maksai aliwatoa.

Siku niliyoiwasha nyumbani, niliiandikisha SHIKAMOO BABA kwenye televisheni ndogo ya kuazima. Baba alivua kofia. "Marahaba," aliijibu, na mama akacheka mpaka akaketi chini.

Wiki iliyofuata akaja mjomba, kaka yake mama, mfugaji wa kule tambarare ya Hanang. Nilimwamkia na kumwonyesha mashine kwa maringo ya msomi. Hakuitazama kwanza. Aliipapasa kwa kiganja, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akasimama kwenye kibati.

"Leta maji," alisema.

"Maji hapana, mjomba! Itakufa!"

Kwao, ng'ombe mgeni hulowanishwa manyoya na kulazwa kwa kiganja, na kovu la alama ya zamani, hata likichomewa nyingine juu yake, hujitokeza. Alipokosa maji alilamba kidole gumba, akasugua ukingo wa kibati, akaingiza ukucha. Kibati kilibanduka. Chini yake, kwenye plastiki yenyewe, kulikuwa na jina jingine kabisa.

"Ina alama mbili hii," alisema. "Mnyama wa alama mbili ni wa wizi; halazwi kwenye zizi langu."

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Niliona uso wake ukibadilika. Nikachukua bisibisi nikaifungua ili niwatulize, na huko ndiko nilikoharibu. Jina lile la chini lilikuwa limeandikwa ndani pia, mara mbili. Na vile vidude vyeusi vya umeme vyenye miguu kama tandu, vinne kati ya hivyo vilikuwa vimesuguliwa kwa msasa mgongoni hata visisomeke.

Niliwaeleza nilichowahi kusoma chuoni: kiwanda kimoja hutengeneza, kingine hubandika jina lake na kuuza, na kila nchi mashine ile ile inaweza kuwa na jina lake.

"Kama ni halali," mjomba alisema, "aliyesugua hapa alikuwa anamwogopa nani?"

Nilianza kurudisha skrubu. Mpaka leo sina jibu lililo zuri.

Kesho yake baba alishuka mjini. Duka la yule mfanyabiashara lilikuwa na kufuli, na majirani zake hawakujua amehamia wapi. Baba aliporudi alikula kwanza. Kisha akasema tutafanya kama anavyofanyiwa ng'ombe aliyepotea: itatangazwa mnadani, ila alama itafichwa. Atakayedai ni yake ataje alama kabla hajaiona. Akiitaja, ataondoka nayo, bila maneno zaidi.

"Baba, si ng'ombe hii."

"Mimi nilitoa ng'ombe kwa ajili yake. Nitajua vipi kama si ng'ombe?" Alitutazama mmoja mmoja. "Jina lile tunalijua watu wanne. Lisitoke hapa."

Ilitangazwa mnadani, kati ya mtamba aliyepotea na punda mwenye sikio moja. Watu walicheka. Baba hakucheka. Kuanzia siku hiyo alihamisha kigoda chake pembeni ya mlango, mahali ambapo njia itokayo barabarani inaonekana. Ukungu ukishuka asubuhi na njia ikapotea, alikuwa anasikiliza. Mbwa akibweka, mama alikuwa anaacha kupeta maharage. Mjomba alituambia mwenye mali lazima atakuja; asichojua yeye ni kama mtu huyo atakuja peke yake.

Mimi je? Nilikwenda Mbulu mjini kunywa chai. Mgahawani nilikutana na watu niliosoma nao, wakaanza kunichokoza. "Profesa, tumesikia umetangazwa mnadani! Unakamuliwa lita ngapi?" Sikuweza kuvumilia kuchekwa mimi nikiwa kimya. Nikawasimulia kisa kizima, kibati, msasa, na jina nikalitaja. Nikaongeza kwamba limeandikwa chini ya kibati, na ndani tena mara mbili, kama mtu anayeogopa kusahau jina lake. Walicheka sana. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona mchekeshaji wa kiwango cha juu.

Siku ya tano baada ya tangazo, mtu akaja. Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, njia yote tope. Viatu vyake vilikuwa safi, isipokuwa kingo. Chini barabarani, ndani ya ukungu, injini ya gari ilikuwa inanguruma bila kuzimwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Sikai. Nimesikia tangazo la mnadani. Mali ni yangu."

"Taja alama."

Akaitaja. Baba alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Iko wapi?"

"Chini ya kibati, mzee. Na ndani tena, mara mbili. Kama mtu anayeogopa kusahau jina lake."

Yule mtu hakunitazama hata mara moja. Hakuwa na haja.

Baba alinigeukia. "Mwanangu, ni sawa?"

Ningeweza kusema. Maksai wawili walikuwa wanaondoka kwa mara ya pili, na sentensi moja ingewazuia: baba, maneno hayo ni yangu, niliyasema mgahawani. Lakini ningepaswa kuisema mbele yake, yeye aliyekuwa ametuomba jambo moja tu.

"Ni sawa, baba."

Mtu yule aliikumbatia mashine na kushuka nayo. Hakuulizia kile kiboksi cha nyaya, ambacho bila yake mashine ile ilikuwa plastiki tu. Mwenye mali angekiulizia. Injini ikapiga kelele, kisha kimya.

Msimu ule baba alilima kwa jembe la mkono, nami pembeni yake na shahada yangu, nikiwa mstari mzima nyuma. Alilima akiimba nyimbo za kanisani. Hajawahi kulala vizuri kama mwaka huo, mama aliniambia.

Mjomba alipokuja tena aliuliza swali moja. "Alichukua na nyaya?"

"Hapana, mjomba."

Alinishika bega. Kiganja chake kilipita polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kikasimama.

Baadaye mkoa wetu ulikatwa kutoka Arusha, na kibao cha ofisi niliyoajiriwa kilipakwa rangi na kuandikwa Manyara. Kila masika neno la zamani lilijitokeza kidogo chini ya rangi. Kompyuta za ofisi zilipoletwa, nilizifungua zote kwa kisingizio cha kupangusa vumbi. Kila moja ilikuwa na jina moja usoni na mengine tumboni, na hakuna aliyeibiwa. Nilichukua likizo ya siku mbili kwenda kumweleza baba. Nilikunywa uji, nikarudi bila kumweleza.

Kile kiboksi kinaning'inia kwenye msumari pembeni ya mlango wa baba. Baba amezeeka, masikio yake ni mazito, lakini gari likisimama barabarani analisikia.

"Huenda ni yule," husema. "Amefuata nyaya zake. Nenda katazame."

Nami huinuka, nikaenda, nikatazama njia.