Ramani Iliyonukia Udi

Kosa lilikuwa langu peke yangu, nalo nililifanya kwa kujituma.

Nafanya usafi katika duka la ramani kuukuu hapa London. Tajiri yangu, Bwana Kantilal, ni Mhindi aliyekulia Mombasa. Juzi alitarajia mteja mkubwa, daktari mzaliwa wa Barbados, aliyeitafuta miaka mingi ramani ya kisiwa chao ya enzi za utumwa.

"Bi Salma, ramani inanuka uvundo kidogo," alisema akienda kumpokea daktari stesheni. "Fungua dirisha."

Dirisha tu, kwa mgeni? Sisi Waunguja mgeni tunamfukizia. Nikapindua kapu la taka la waya, nikaweka chetezo cha udi chini yake, nikaitandaza ramani juu kama nguo ya harusi. Nusu saa nzima. Kisha nikafungua na dirisha, amri ya tajiri itimie.

Daktari alipofika aliinamia ramani, akanusa, akanyooka.

"Karatasi hii imetiwa moshi," alisema taratibu. "Ndivyo wafanyavyo wanaoghushi, ili ionekane ya kale."

Bwana Kantilal akaapa, mkono kifuani, kwamba ramani ni ya kweli na haijaguswa na moshi. Mimi nikaona la busara ni kuleta chai. Nilipoinama kumpa daktari kikombe, mtandio wangu ukampitia usoni. Akanusa tena, akanitazama. Bwana Kantilal naye akasogea, akanusa.

Mtu aliyekulia Mombasa, udi anaujua.