Kalaba na Mistari Miwili Iliyoliwa na Mbuzi

Saa moja asubuhi, jua la Julai limeshatoka lakini halijaanza kuchoma. Umande umelala juu ya majani ya mizabibu. Kalaba Casimir, koti lake la sufu limefungwa hadi shingoni, anapita kati ya mistari akionja. Anachuma punje moja hapa, nyingine pale, anatafuna polepole, kisha anatema mbegu kiganjani na kuitazama rangi yake.

"Mbegu ikikuwa ya kijani, tunangoja," anasema. "Ikikuwa ya kahawia, tunakata. Leo njo siku yake."

Anapiga filimbi. Wanaume kwa wanawake, ishirini na wawili, wanaingia shambani na vikapu na mikasi, wakipuliza vidole kwa baridi.

Shamba hili liko mbele kidogo ya Kasungami, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka katikati ya Élisabethville, mji mkuu wa Katanga katika Kongo ya Wabelgiji. Ni hekta sita za zabibu nyeupe za divai. Mzee Godefroid, Mbelgiji, alipanda mche wa kwanza mwaka 1928. Leo, mwaka 1956, anayeliendesha ni mwanawe, Bwana Adalbert. Kalaba, mwenye miaka thelathini na minane, ndiye kapita, msimamizi wa wafanyakazi wa shamba. Anapata faranga 1,400 kwa mwezi, posho ya unga, na nyumba ya matofali yenye vyumba viwili.

Miaka minne iliyopita nusura avikose vyote hivyo.

Zamani mizabibu ilipogolewa Agosti, na zabibu ziliiva Januari, mvua zikiwa zimepamba moto. Wafanyakazi walinyunyiza mrututu, ile dawa ya buluu itokanayo na shaba, lakini kabla haijakauka mvua ilikuwa imeshaiosha. Vichala vilioza vikiwa bado mtini. Divai ilitoka chungu, na mjini hakuna aliyeitaka.

"Bwana alituita wote," Kalaba anakumbuka. "Akasema, 'Nimechoka kulima uozo. Kiangazi hiki tunang'oa yote, tunapanda viazi. Nitabakiza bantu sita tu.'"

Ilikuwa Februari 1952. Wiki mbili baadaye, mvua ya usiku kucha iliangusha ua upande wa mto. Alfajiri Kalaba akakuta mbuzi saba wamesimama katikati ya shamba, wameshiba, hawana habari na mtu. Mistari miwili ilikuwa imeliwa majani na vikonyo vyote. Na mbuzi wale walikuwa wa Mutale, mke wake.

Akawafukuza. Kisha akatoa mkasi, akakata matawi yote yaliyovunjika, akaacha macho mawili mawili ya kuchipua kwenye kila tawi, kama wafanyavyo Agosti. Hakuwa na mpango wowote. "Niliona huruma tu," anasema. "Muti ukiumia, unaufunga kidonda."

Nyumbani alimwambia Mutale kwamba watanyamaza. Shamba si litang'olewa? Nani atauliza?

Mutale aliweka chini sufuria ya bukari, ugali wao wa jioni. "Baba Kunda, mbuzi ni yangu. Bantu wamewaona. Ukingoja wakusemee, utaitwa mwizi. Enda useme weye mwenyewe."

Akaenda. Bwana Adalbert alifoka mpaka mbwa wakabweka. Alimkata nusu ya mshahara wa mwezi huo, akaamuru mbuzi wauzwe, na akasema mistari ile miwili ndiyo itakayong'olewa kwanza. Mutale aliuza mbuzi wake wote sokoni, akarudi bila neno. Kalaba anasema kimya kile kilimuuma kuliko matusi ya Bwana.

Lakini trekta ya kukodi ilichelewa. Ikapita Machi, ikapita Mei, mvua zikakatika. Mistari iliyoliwa ikachipua upya, ikatoa maua, ikashika vichala. Siku zikawa kavu na zenye jua, usiku ukawa na baridi kali. Katikati ya Julai Kalaba alipita pale akasimama. Vichala vilikuwa vimebana, safi, rangi ya asali changa. Hakukuwa na doa hata moja.

Akakata kimoja, akampelekea Mzee Godefroid barazani, kwa kuwa Bwana Adalbert bado alimtisha. Mzee, ambaye macho yake yalikuwa yameshapoteza nuru, alikipapasa kwa vidole, akaweka punje mdomoni. Akaitafuna polepole.

"Kalaba, hii umenunua wapi?"

"Sikununua, Bwana. Ni ya mu shamba letu. Kwenye mistari ya mbuzi."

Mzee akaanza kumwita mwanawe kwa sauti ambayo, Kalaba anasema, hakuwahi kuisikia tena. Bwana Adalbert alikuja mbio akidhani baba yake ameanguka. Akaonja. Akamtazama Kalaba.

"Nionyeshe ulivyokata."

Trekta ilipofika, ilirudishwa. Mwaka uliofuata walipogoa nusu ya shamba mwezi Februari, na uliofuata, shamba lote. Hakuna mfanyakazi aliyeondolewa. Bwana Adalbert alirudisha ile nusu ya mshahara, na siku moja akaja na mbuzi wawili wamefungwa nyuma ya gari. "Ni ya Mama Kunda," alisema.

Kwa miaka mingi Kalaba alifanya divai bila ruhusa ya kuinywa, kwa kuwa sheria ilimkataza Mwafrika. Mwaka jana katazo liliondolewa, naye akapewa chupa. Mutale alionja, akakunja uso.

"Haina sukari! Kazi yote ile juu ya maji ya ndimu?"

Kalaba anacheka akisimulia. Chupa aliimaliza yeye, kwa siku nne.

Sasa ana shughuli nyingine. Chifu wa Kasungami amempa kipande cha ardhi karibu na maji, na Bwana Adalbert amemruhusu kuchukua vipande arobaini vya matawi. Amevizika kwenye mchanga wenye unyevu nyuma ya nyumba. Thelathini na kimoja vimeshatoa chipukizi. Mvua za kwanza zikinyesha, yeye na Mutale watavihamisha. Zitakuwa zabibu za kula, za kuuza sokoni. Zitachukua miaka mitatu kuzaa.

Kichala cha kwanza hakitafika sokoni. Mama yake Kalaba yuko Kasenga, safari ya siku mbili kwa lori, na hajaonja zabibu maishani mwake. Mbona hajampelekea miaka yote hii?

"Zile zilikuwa za Bwana," Kalaba anajibu, akiinama kuinua kikapu kilichojaa. "Hizi nitamufungia mu majani ya ndizi, nimupe mu mukono. Nitamuambia: mama, kula, ni zangu."