Siku Nilipokula Salamu ya Mama Mkwe

Chekeni tu jamani, mimi nimeshazoea. Hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kuna watu ambao hawajui hata jina langu la ubatizo, lakini wanajua vizuri sana kwamba mimi ndiye yule mkwe aliyekula salamu, na kila nikipita sokoni lazima mtu aniulize kama nimeshiba. Aibu hiyo nimeivaa miaka mingi, sasa imenikaa vizuri mwilini, basi ngoja niwasimulie mwenyewe kabla jirani hajawasimulia na kuongeza chumvi (ingawa chumvi yenyewe haihitajiki).

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikuwa tumerudi kutoka Ubwari tulikokimbilia, nyumba tukaikuta haina milango wala mabati, maana wale wenye bunduki walichukua mpaka vijiko, lakini kuchimba hawakuchimba, kwa hiyo mashine ya muziki ya marehemu baba mkwe, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, tuliikuta salama pale tulipoifukia kwenye migomba: ampli ya kukuza sauti, sehemu ya kaseti, mikro yake ya kuimbia kwaya, na bafle mbili, yaani spika za mbao, kila moja kubwa kama mbuzi aliyesimama. Wiki hiyohiyo msafiri wa boti akaleta kaseti kutoka Kigoma, ameishonea ndani ya pindo la koti. Ilikuwa sauti ya Wilondja, mtoto wa kiume pekee wa mama mkwe wangu. Tangu siku ya kukimbia hatukujua kama yu hai. Msafiri naye alikuwa na maneno machache: "Iko muzima. Ingine atasema yeye mwenyewe mu kaseti."

Mama mkwe akaishika ile kaseti kwa mikono miwili na kutoa amri: mtu yeyote asisikie sauti ya mtoto wake kabla yake, na siku ya kusikiliza itakuwa Jumapili, baada ya ibada, mbele ya jamaa wote. (Jina la mama mkwe silitaji. Kwetu mkwe hatamki jina la mama wa mke wake, hata akiwa peke yake, hata akiwa na homa. Likumbukeni hilo, tutalirudia.)

Feza, mke wangu, akasema twende Swima tukamwite fundi wa redio. Hapo ndipo nilipofungua kinywa changu.

"Fundi wa nini? Mi niko hapa."

"We iko fundi ya kinga," Feza akanijibu. "Iyi haiko kinga."

Kweli, kazi yangu ilikuwa kutengeneza baiskeli, tunazoziita kinga. Lakini nilimweleza kwa upole wa mtu mwenye elimu kwamba chenye magurudumu kinazunguka, na kaseti ina magurudumu mawili, sasa tofauti iko wapi? Halafu mashine ile ilikuwa na kitabu chake cha maelekezo, kinene, chenye michoro ya nyaya zote, ila kule Ubwari karatasi zilikuwa adimu na tumbaku ilikuwepo, kwa hiyo kitabu nilikivuta mimi mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, na nakumbuka ule wenye mchoro wa sehemu ya kaseti ulikuwa mtamu kuliko yote. Kwa hesabu yangu elimu ilikuwa imeshaingia kifuani.

Ijumaa Feza na mama yake wakaenda shambani, mimi nikajifungia na mashine. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umeoza, nikakata mwingine kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Vyuma vilikuwa vimekauka, nikavipaka mawese, nyumba nzima ikanukia kama tunakaanga sombe, yale majani ya muhogo. Nilipofunga skrubu ya mwisho vikabaki mezani springi moja na kidole kidogo cha chuma, nikavitazama, vikanitazama, nikaamua kwamba hao waliotengeneza mashine walikuwa matajiri, walizidisha vyuma kwa kujionyesha.

Nikawasha jenereta tuliyoazima kanisani. Mikro nikaichomeka, kwa sababu tundu lake lilikuwa wazi na mimi sipendi kuona tundu wazi. Bafle sikuziunga, na hapa naomba mnitendee haki: sikuziunga kwa heshima, ili nisije nikasikia sauti ya Wilondja kabla ya mama yake. Nilitaka tu kuona kama kaseti inazunguka, na kaseti nyumbani ilikuwa moja. Maandishi ya vitufe yalikuwa yamefutika. Kimoja kilikuwa kikubwa, jirani yake alikuwa na alama nyekundu, nikavibonyeza vyote viwili kwa pamoja, maana nyekundu mimi najua ni alama ya umeme. Kaseti ikazunguka! Na sindano mbili zilizo nyuma ya kioo cha mbele zikawa zinacheza kila nikisema neno. Nikisema "ehee," zinaruka. Nikinyamaza, zinalala. Nikafurahi sana, nikasema mashine imenitambua. Nikakaa nayo pale robo saa nzima, naimba, natukana, naruka na sindano, kisha nikairudisha kaseti mwanzo kwa kalamu na kulala usingizi wa mshindi.

Jumapili uwanja ulijaa. Pasteri kwenye kiti cha mbele, mama mdogo wa Feza ametoka Swima kwa miguu, wanawake wa kwaya wamevaa vitenge vyao vilivyosalia. Mimi nilivaa koti. Nikasimama kando ya bafle kama bwana harusi, nikamwonyesha mama mkwe vitufe, naye akabonyeza kile kikubwa peke yake.

"Ehee!" bafle zikasema. "Mi njo fundi! Swima bakuje bajifunze hapa!"

Sikuitambua sauti yangu. Niliwaza, huyu Wilondja amejifunza majivuno huko Kigoma. Kisha nikasikia nikiimba, na wimbo haukuwa wa kanisani, na baada ya wimbo: "Masini hii, kichwa nguvu, haisikii, sawa ya..." na hapo, jamani, likatoka jina la mama mkwe. Lote. La kwake na la baba yake. "Samaki ikifika, yeye njo anagawa. Mi mukwe muzima napewa mukia! Kila siku mukia!"

Mama mdogo akajifunika uso kwa kitenge. Pasteri akaanza kutafuta kitu kwenye Biblia na hakukipata. Nilitaka kuizima, lakini mama mkwe alikuwa ameweka mkono juu ya mashine, hacheki, hakasiriki, anasubiri tu, na ndipo nilipoelewa kwamba kile kitufe chekundu kilikuwa cha kurekodi. Sikuogopa matusi tena. Niliogopa kwamba nimemfuta mtoto wake.

Robo saa. Tulinisikiliza robo saa. Halafu ikapita kelele kidogo, na sauti nyingine ikatokea katikati ya maneno:

"...na mama mudogo wa Swima, jambo yako. Na pasteri, jambo yako. Na bajirani bote, jambo yenu. Na shemegi, jambo yako. Shemegi, nakuomba, masini ya baba usiiguse."

Watu walianguka chini kwa kicheko, wengine wakilia, maana Wilondja alikuwa hai, akaendelea kusema yuko kambini, ameoa, amepata mtoto wa kike. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza taratibu: "Na mi? Mi hakunisalimia?"

Kwetu salamu huanza kwa mama. Alimsalimia, tena kwa kirefu. Ndiyo robo saa niliyoifuta. Baadaye fundi wa Swima alinieleza kwamba Wilondja alikuwa amevunja meno mawili ya mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake, na kazi ya kile kidole cha chuma nilichokiacha mezani ilikuwa kuyapapasa meno hayo na kuzuia kitufe chekundu. Nilimshukuru kwa habari.

Niliomba msamaha nikiwa nimepiga magoti. Mama mkwe akasema: "Mukwe, salamu yangu ni we ulikula. Basi utanisalimia we, kila asubui, pahali pake."

Bisibisi nilimkabidhi Feza siku hiyohiyo, na hadi leo hata redio ikikwaruza mimi natoka nje. Na kila asubuhi, mvua au milio ya risasi, nilivua kofia mlangoni kwa mama mkwe: "Mama, Wilondja anakusalimia. Jambo yako." Naye hujibu: "Jambo, mwanangu," na huangalia ziwa, si mimi. Nawaambieni ukweli, asubuhi nyingine nami niligeuka nikaliangalia ziwa.

Siku moja, njia za ziwa zilipotulia, Wilondja akashuka kwenye boti mwenyewe, amembeba binti yake. Akafika mlangoni. "Mama, jambo yako." Mama mkwe alimshika usoni, akalia mpaka na sisi tukalia. Nikajua kifungo changu kimekwisha, nikachukua pampu yangu taratibu niende kwenye baiskeli zangu.

"We mukwe!" akaita. "Unaenda wapi? Leo haujanisalimia."

Nikaweka pampu chini, nikavua kofia, nikapanga foleni nyuma ya Wilondja.