Pampu ya Bani

Mwezi uliopita nilikuwa Majengo, pale Mpanda, nikawakuta zimamoto wakiwafundisha wafanyabiashara. Walikuwa wamewasha matairi, kisha mmoja akafungua maji. Hayakutoka kwa kishindo, yalitoka manyunyu membamba, na moto ukanywea. Watu wakapiga makofi. Mimi nilimkumbuka bibi yangu wa Inyonga.

Kama umekulia kwenye tumbaku unalijua bani, kile kijumba cha matofali tulichokaushia majani kwa moto wa kuni. Sisi watoto tulifunga majani kwenye vijiti hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, hata asali ukiila kwa mkono ule ilikuwa chungu. Jani moja likidondoka juu ya bomba la bati linalopitisha joto la tanuru sakafuni, msimu mzima unateketea. Ndiyo maana mlangoni pa bani bibi aliweka pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia dawa, ila yake ilijaa maji matupu. Ndoo hakuitaka. Ukimwaga ndoo, alisema, maji yanazama ardhini na majani yanayowaka yanarukia mengine. Manyunyu yanapoza kila jani, na mvuke wake unaukaba moto. "Moto haukomeshwi na maji mengi," alizoea kutuambia, "unakomeshwa na maji yanayoufikia." Nilishamwona akiuzima hivyo kupitia kidirisha, kisha akarudi jikoni kusonga ugali wake.

Na pampu ya bani haiazimwi mpaka tanuru lipoe. Inyonga nzima ilijua hilo. Jirani yetu naye alijua, lakini asubuhi moja, bani likiwa na moto, alikuja kuiomba, viwavi wanammalizia mahindi. Bibi alikataa. Jirani akamkumbusha nani alimfyatulia matofali ya bani lile.

"Mama, saa sita haifiki nitakuwa nimeirudisha."

Bibi akampa.

Alasiri jani lilidondoka. Tulikimbia na ndoo, tukamwaga mpaka kisima kikabaki tope. Paa likaanguka. Bibi alikaa chini, mikono mapajani, hakulia. Hakulima tumbaku tena, na mimi sekondari niliishia kuisikia kwa wenzangu.

Siku hizi pale bani pameota nyasi, na bibi yuko kaburini. Jirani nikimkuta namwamkia shikamoo, lakini kumsamehe sijaweza. Pampu aliirudisha jioni ile ile, ameiosha vizuri, ameijaza maji.