Bunduki ya Kauboi Sokoni Nizwa

Ijumaa nilikwenda Nizwa, hapa Omani, kununua haluwa, nikapitia soko la bunduki za kale. Pale muuzaji huzunguka na bunduki mtutu ukitazama juu, na mnunuzi huipokea vivyo hivyo.

Bibi mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa amekaa kitini huku mwanawe akiinadi bunduki ya marehemu baba yake. Kijana mmoja akaelewana naye bei. Alipoishika tu, macho yakamng'aa.

"Wallahi, hii ndiyo ya kauboi! Ile ya kwenye filamu, unavuta mkono huu wa chini!"

Akauvuta, ukalia, akamlenga rafiki yake kifuani. "Pa!" Rafiki akajiangusha, akainuka akicheka na kujipangusa vumbi.

Bibi akanyoosha mkono. "Nipe, mwanangu."

"Haina risasi, bibi. Mchezo tu, kama sinema."

"Najua haina. Nipe."

Akaipokea, akaisimamisha mtutu juu, kitako kikiwa baina ya miguu yake. "Mimi nilimwona kaka yangu akianguka, kule Unguja," akasema taratibu. "Nikangoja ainuke."

Kijana akaomba radhi. Radhi bibi alimpa, bunduki hakumpa.

Mimi filamu hizo nazipenda tangu ujana, na bunduki zake nazitambua hata kwa mlio. Njiani kurudi Ibra nikajaribu kukumbuka sura ya mmoja tu kati ya wale waliokuwa wakipigwa risasi humo na kuanguka kutoka juu ya farasi. Nilifika nyumbani sijampata.